Kupima TLR5 katika Figo ya Sato Bila Kupotoshwa na DNA

Mwezi uliopita nilimsaidia mwanafunzi wa uzamili anayechunguza sato wa vizimba, nikamkuta amekwama palepale nilipowahi kukwama mimi: kupima kiasi cha RNA (nakala ya jeni inayotumika) ya TLR5 kwa qPCR, kipimo kinachozidisha cDNA, yaani DNA iliyotengenezwa kutoka RNA, bila DNA ya seli yenyewe kuvuruga matokeo. TLR5 ni kipokezi cha kinga ya asili kinachotambua flajelini, yaani protini inayounda mjeledi wa bakteria kama Aeromonas hydrophila. Streptococcus agalactiae, anayewaua sato wengi, hana mjeledi. Ukichunguza ugonjwa wake, usiifanye TLR5 kuwa jeni yako kuu.

Hatua ya 1: Sampuli. Baada ya kumlevya samaki kwa mafuta ya karafuu na kumuua kwa utaratibu ulioidhinishwa, chukua figo ya mbele, ile nyama nyekundu iliyokoza iliyo nyuma ya matamvua, chini ya uti wa mgongo. Kipande kisizidi unene wa nusu sentimita, ili myeyusho wa kuhifadhi RNA upenye hadi ndani.

Hatua ya 2: Praima, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyochagua sehemu itakayozidishwa. Samaki wengi wana TLR5M iliyo kwenye utando wa seli na TLR5S inayoelea nje yake. TLR5S haina kikoa cha TIR (sehemu ya kipokezi inayopeleka ishara ndani ya seli), kwa hiyo anayetaka TLR5M peke yake aweke praima zake kwenye sehemu hiyo.

Hatua ya 3: Toa RNA kwa njia uliyoizoea.

Hatua ya 4: Ondoa DNA. Hapa ndipo nilipopoteza wiki mbili. Kwa kawaida tunajikinga kwa kuweka praima mbili kwenye eksoni tofauti (sehemu za jeni zinazobaki kwenye RNA), lakini TLR5 mara nyingi ina introni (sehemu kati ya eksoni zinazoondolewa kwenye RNA) chache au haina kabisa, hivyo DNA iliyobaki hutoa kipande chenye urefu uleule na hata mkunjo wa kuyeyuka, unaotofautisha vipande kwa joto vinapoyeyukia, hauwezi kuifichua. Mimi hutumia kimeng'enya cha DNase, kinachokata DNA, ndani ya mrija baada ya RNA kutolewa. Kukitumia juu ya safu ya kichujio pekee hakujawahi kuniridhisha. Kabla ya kukizima kwa joto, ongeza EDTA, inayoshika magnesi, kwa sababu magnesi iliyo kwenye bafa ikipashwa moto pamoja na RNA huikatakata. Kisha kila sampuli, narudia, kila sampuli, iwe na kidhibiti kisichotiwa kimeng'enya cha kutengeneza cDNA. Mwanafunzi yule alipata Ct (idadi ya mizunguko ya qPCR hadi ishara ionekane) 26 kwenye sampuli na 28 kwenye kidhibiti, akaona tofauti ile inatosha. Kwa kuwa kila mzunguko huzidisha DNA takriban mara mbili, mizunguko 2 maana yake ni kwamba takriban robo ya ishara ilitoka kwenye DNA. Tofauti ya mizunguko 7 hupunguza mchango huo hadi chini ya asilimia 1, na mimi sikubali pungufu ya hapo.

Hatua ya 5: Hesabu. Njia ya ΔΔCt, inayolinganisha Ct ya jeni yako na ya jeni rejea kati ya makundi ya samaki, ya Livak na Schmittgen ya mwaka 2001 inatosha, mradi ufanisi wa praima uwe kati ya asilimia 90 na 110. Tumia jeni rejea (za kulinganishia) mbili, kwa mfano EF1α na β-aktini, baada ya kuthibitisha kwamba hazibadiliki kwa samaki walioambukizwa.