Paris hadi Béziers kwa gari bila kulipa geti hata moja

Watu wengi wakikodi gari Ufaransa wanafungua Google Maps, wanabonyeza pale pa kuepuka barabara za kulipia, wanawasha gari wanaondoka. Sasa ramani haijui uzuri, inajua dakika tu, itakupitisha kwenye maghala na supamaketi, kipilefti baada ya kipilefti, jioni umechoka hujaona kitu. Chagua barabara wewe kwanza, ramani ifuate unachotaka.

Barabara zinazoanza na A ndo zile kubwa, mabango yake ya bluu, na nyingi unalipa, ukiona neno péage ujue geti liko mbele. Za N na D kwa kawaida ni bure. Ila sio kila A ina geti na watu wengi hawajui hili: A75 kutoka Clermont-Ferrand, mji wa katikati ya Ufaransa, kushuka Béziers kule kusini ni kama kilomita 340 na yote bure isipokuwa pale daraja la Millau tu. Yaani unapata barabara kubwa, unapata milima, na hulipi.

Kazi ni kufika Clermont. Toka Paris na A6, mwanzoni ni bure, uiache kabla ya geti uelekee Fontainebleau, halafu fuata ile N7 ya zamani, Montargis, Nevers, Moulins. Vipande vingine siku hizi imepewa namba za D usishangae. Kutoka Moulins shika D2009 upite Gannat. Kwenye simu usiandike tu Clermont, weka hiyo miji kama vituo, mmoja mmoja, la sivyo itakupeleka inakotaka yenyewe. Kipande hiki nacho nisikudanganye, ni tambarare na malori kibao, pita tu. Kama una haraka lipa geti hapa na ubane hela huko mbele, mi sioni dhambi.

Lala Clermont, safari yote ifanye siku mbili au tatu. Asubuhi kuna Puy de Dôme, volkano iliyolala, mita 1,465, gari haipandi juu, unapanda treni au miguu. Halafu ingia A75. Usipitilize sehemu ya kupumzikia ya Garabit, simama, maana hapo unaona daraja la reli la chuma jekundu la Gustave Eiffel, lilimalizika 1884, miaka mitano kabla ya ule mnara wake wa Paris.

Sasa Millau. Daraja lilifunguliwa 2004, nguzo yake ndefu mpaka kileleni ni mita 343, na ukilipa ukapita juu huoni kitu zaidi ya nyaya na lami, umemaliza kabla hujakaa sawa. Toka exit 45, teremka mjini, uko chini kwenye mto Tarn unanyanyua shingo unaona lile lidude lote limekatiza bonde zima. Bure. Zamani magari yote yalipita humu mjini na foleni ya kiangazi ilikuwa balaa, ndo sababu mojawapo wakajenga daraja. Ukiwa na nusu siku fuata mto kwenda juu mpaka Le Rozier na Sainte-Enimie, barabara nyembamba imebanwa kati ya maji na jabali, sehemu nyingine mwamba umekuinamia juu ya paa. Kwa roho yangu hapa ndo safari yenyewe. Ukirudi Millau panda D809 mpaka La Cavalerie, unarudi A75 ukiwa umeshavuka geti, kisha unateremka Lodève na hali ya hewa inabadilika, mizabibu inaanza.

Mambo ya kuendesha. Kwetu tunashika kushoto, kule ni kulia. Vijijini, kama hakuna bango, gari linalotoka kulia kwako lina haki ya kupita kwanza hata likitokea kichochoro, lakini kwenye kipilefti unampisha aliyeko ndani, anatokea kushoto. Bango jeupe lenye fremu nyekundu na jina la kijiji maana yake mwendo mwisho kilomita 50 kwa saa, hawataandika namba, na tochi zipo. Nje ya mji barabara za kawaida ni 80, mikoa mingine 90, A ni 130 na mvua ikinyesha 110. Kagua kizibao cha kuakisi mwanga na pembetatu kabla hujaondoka, ni lazima viwemo. Novemba hadi Machi milima hii ina maeneo yanayodai matairi ya baridi au minyororo, muulize anayekukodisha. Beba leseni yako halisi pamoja na ile ya kimataifa.

Mafuta jaza supamaketi, ya kwenye barabara za A bei inauma. Kula kabla ya saa nane mchana, miji midogo jikoni wanafunga kweli.

La mwisho, kuna barabara siku hizi hazina geti la kusimama, kamera inasoma namba ya gari tu, mfano A79 upande wa Moulins na A13 ya Normandie. Ukiingia bahati mbaya una saa 72 kulipa mtandaoni, lipa usiku huohuo, kwa sababu gari la kukodi faini inapitia kwa kampuni na wao wanakukata ada yao juu yake.