Mnataka chama cha wafanyakazi kiwandani? Anzeni na daftari

Nilikata minofu ya sangara miaka saba hapa Mwanza, vidole vimekufa ganzi kwa barafu.

Msianzie getini wala kwenye kundi la WhatsApp. Ujumbe utamfikia meneja kabla zamu haijaisha. Sisi tulikutana Jumapili, Igogo, kwa mama muuza mihogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka wafanyakazi wasiopungua 20 kuanzisha chama. Nyie tafuteni 30, maana siku yenyewe ya kikao cha kuanzisha kuna ambao mtoto ataumwa ghafla.

Sasa daftari la mahudhurio. La kwetu la kwanza lilikuwa aibu tupu: "Mama Neema", "Shemeji", "Mrefu wa Barafu". Tukarudia kikao kizima! Andikeni majina kamili, kila mtu na saini yake mwenyewe. Daftari hilo, muhtasari wa kikao na katiba vinakwenda kwa Msajili wa vyama vya wafanyakazi ndani ya miezi 6 tangu chama kianzishwe.

Mkiona mzigo mzito, fungueni tawi la chama kilichopo. TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, huchukua watu wa viwandani. Ada ya uanachama haikatwi kwenye mshahara mpaka ujaze fomu kwa hiari yako.

Vibarua nao waiteni, ndio hutishwa kwanza. Akiachishwa mtu kwa sababu ya chama, awahi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Mwenzetu mmoja alingoja bosi apoe hasira; alipokwenda, siku zilishapita, ikabidi kwanza aombe msamaha wa kuchelewa.