Somo: Kutumia na kutunza oroshigane, kikwaruzo cha shaba cha Kijapani

Wiki hii nimeulizwa mara nne namna ya kutumia oroshigane, na wawili kati ya waliouliza walikuwa wameshaiharibu. Ninaandika mara moja, kwa kirefu, ili nikiulizwa tena nielekeze hapa. Mimi nipo jikoni kwenye mgahawa wa soba (tambi za Kijapani), Tokyo, mwaka wa sita sasa, na figili (zile nyeupe ndefu za Kijapani) ninazokwaruza kwa siku nimeshaacha kuzihesabu.

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Ni bamba la shaba lenye umbo kama kizoleo cha taka. Fundi hulipigapiga nyundo shaba ikaze, akalipaka bati (si bati la kuezekea, ni yale madini meupe laini), kisha akainua meno kwa tindo na nyundo, jino moja moja, kwa mkono. Upande mmoja una meno makubwa, ya figili. Upande wa pili una madogo, ya tangawizi. Ukiliinamisha kwenye mwanga utaona mistari ya meno haikunyooka sawasawa. Usidhani fundi alikosea. Meno yakikaa kwenye mstari mmoja, figili huchongeka mifereji, mifereji inaingia katikati ya meno, na baada ya misukumo michache unateleza tu bila kukwaruza chochote. Meno yaliyopishana hukuta nyama mpya kila mzunguko. Tena ni makali kweli: yanakata, hayapondi. Figili iliyokatwa hubaki na maji yake ndani, laini kama povu. Iliyopondwa hujitenga, maji huku na makapi kule.

Sasa hatua.

1. Osha figili, menya ganda nene, kwa sababu chini ya ganda ndiko kwenye nyuzi.

2. Chagua sehemu. Karibu na majani ni tamu, kwenye ncha ni kali.

3. Kata kipande cha kuenea kiganjani. Uso uliokatwa ndio uguse meno. Zungusha taratibu, mkono mwepesi. Ukiona unakamua nguvu, ama meno yameisha au una haraka.

4. Mimina kwenye chujio, acha maji yajitokee yenyewe. Usikamue kwa ngumi.

5. Tangawizi: geuza upande wa meno madogo. Osha vizuri, usimenye, harufu nyingi iko karibu na ganda. Zungusha vilevile. Ukivuta mbele na nyuma utaishia na kishungi cha nyuzi na tangawizi kidogo.

6. Wasabi mbichi (kile kiungo cha kijani kinachowasha kama haradali) haikwaruzwi hapa. Ina ubao wake wa ngozi ya papa. Punguza vikonyo kwa kisu kama unachonga penseli, anzia upande wa majani, na uzungushe polepole kama mtu anayesugua liwa kwenye kijiwe. Ipe dakika mbili tatu ukali uamke, kisha uile mapema, maana baada ya robo saa ukali umeshapungua sana. Iweke juu ya samaki, usiikoroge kwenye sosi ya soya.

7. Kuosha na kukausha. Hapa naomba msome neno kwa neno.

Mwaka wangu wa pili, usiku wa tarehe 31 Desemba. Usiku huo Wajapani hula soba kuuaga mwaka, na kwetu hakuna siku yenye watu wengi kama hiyo. Oda zimejaa, nimeosha oroshigane, imelowa, naihitaji sasa hivi. Nikaiweka juu ya jiko la gesi ikauke, kama nilivyozoea kukausha sufuria nyumbani. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi, na moto wa gesi unapita hapo mbali sana. Hapakuwa na moshi wala harufu ya kunishtua. Niliona weupe wake uking'aa ghafla kama maji, kisha ukakusanyika matone matone mabondeni kati ya meno. Nilipoitoa, sehemu zilikuwa zimebaki shaba tupu, na kwingine meno yamezama kwenye bati. Mkuu wa jiko alipitisha kidole gumba juu yake, akaifunga kwenye gazeti, akanipa kikwaruzo kingine. Hakusema neno, na mpaka leo ninaona heri angenifokea.

Kwa hiyo: moto hapana, oveni hapana, mashine ya kuosha vyombo hapana. Waya wa kusugulia sufuria hapana, unakwangua bati na kuvunja ncha za meno. Osha papo hapo ukimaliza, kabla nyuzi hazijakauka, kwa maji yanayotiririka na brashi ya mianzi, ukigongagonga badala ya kusugua. Kung'uta, futa mgongo na pembeni kwa kitambaa, isimamishe penye hewa. Usipitishe kitambaa juu ya meno. Kitararuka, na kidole nacho kitafuata.

MASWALI

jamaa_wa_saitama: Mkuu bei gani? Na si ni sawa tu na greta ya karoti?

Jibu: Tofauti nimeieleza aya ya pili. Bei inategemea ukubwa na fundi. Nenda Kappabashi, kati ya Ueno na Asakusa, mtaa mzima ni vyombo vya jikoni.

mwana_wa_pemba: Naweza kukunia nazi?

Jibu: Hapana. Nazi ina mbuzi yake.

jamaa_wa_saitama: Yangu nimeikausha kwa moto mdogo tu na haikufanya kitu.

Jibu: Safari hii. Umeuliza bila kusoma, na sasa unajibu bila kusoma. Shaba hii ilikazwa kwa nyundo. Moto ukizidi hurudi kuwa laini hata kama bati halijayeyuka mbele ya macho yako. Acha.

bi_mkubwa_chiba: Hongera mwanangu. Mbona figili ileile ya dukani siku moja inawasha na siku nyingine haiwashi?

Jibu: Shikamoo mama. Ahsante, hili nimelingoja muda mrefu. Figili nzima haina ukali wowote. Ndani yake kuna vitu viwili vilivyotengwa, na seli zikipasuka hukutana, ndipo ukali huzaliwa. Wasabi na haradali ni hivyohivyo. Ndiyo maana kasi ya mkono, ukali wa meno na sehemu uliyokata vyote vinabadilisha ladha. Msimu nao unahesabiwa: figili za kiangazi ni kali, za baridi ni tamu. Wajukuu wakilalamika, kwaruza sehemu ya juu kisha iache dakika kumi kabla ya kuandaa. Ukali hupotea hewani. Ukitaka iwashe, chukua ncha, ikwaruze wakati samaki anatoka motoni. Na ile ya kuchovyea tempura (vile vya kukaanga vilivyochovywa kwenye unga mwepesi), mama, weka nyingi, inakata mafuta.

bi_mkubwa_chiba: Marahaba. Nimejaribu ncha jana na samaki wa kuchoma. Machozi yalinitoka, lakini sahani ilirudi tupu.

fundi_seremala: Ngozi ya papa? Papa huyu tunayemla sisi?

Jibu: Ni jamaa yake, bapa kidogo kama samaki taa. Wajapani humwita korozame au kasuzame. Shika ngozi yake: ukipapasa kuelekea mkia inateleza, ukirudi inakwaruza. Ni vijimeno vidogo mno, na ndiyo maana wasabi hutoka kama krimu. Wewe seremala utaielewa haraka, ni msasa wa baharini. Usiioshe kwa maji ya moto, ngozi itajikunja na kubanduka kwenye ubao. Kausha kivulini.

fundi_seremala: Na meno ya shaba yakiisha? Msumeno ninaunoa, hii je?

Jibu: Swali zuri sana. Hainolewi. Hurudishwa kwa fundi, akayalaza meno ya zamani kwa nyundo, akaipaka bati upya na kuinua meno mapya. Nyumbani inaweza kukaa miaka mingi kabla ya kufika huko. Ile niliyoichoma Desemba ilipitia njia hiyo, nikalipa kwa mshahara wangu, na ndiyo ninayoitumia leo. Ukiinamisha kwenye mwanga unaona vivuli vya meno ya kwanza chini ya haya mapya.

dada_wa_osaka: Kuna mgahawa walinipa figili iliyokwaruzwa ya rangi nyekundu. Waliweka nini?

Jibu: Momiji oroshi, dada, jina la majani ya mti wa momiji yanayowiva wekundu wakati wa vuli. Toboa figili kwa kijiti cha kulia chakula, sukumia ndani pilipili nyekundu kavu uliyokwisha kuitoa mbegu na kuilowesha, kisha kwaruza vyote pamoja. Inapendeza na samaki mweupe aliyekatwa vipande vyembamba.

dada_wa_osaka: Pilipili mbuzi mbichi haifai?

Jibu: Ina nyama nyingi, itachomoka vipande vipande kwenye meno. Tumia nyembamba kavu. Na usiguse macho hadi uoshe mikono mara mbili.