SOMO: Moto na nyama choma kwenye kambi ya karavani (soma mpaka hatua ya 6 ndipo uulize)

Kila msimu wa kwenda kambini na karavani, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, ukianza maswali ni yale yale. Naruhusiwa kuwasha moto? Jirani kaninunia, nimekosa nini? Majivu nayamwaga wapi? Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Soma sheria za kambi kabla hujafunga mizigo. Kambi nyingi hukubali jiko lenye miguu lakini hazitaki moto wa kuwashwa ardhini, na ukame ukizidi hata ruhusa ya jiko hufutwa. Kibao cha getini ndicho kinachoamua, si ulichosoma mtandaoni mwaka juzi.

2. Pima upepo. Rusha jani kavu uone linaangukia wapi. Moshi ukielekea dirisha la jirani au nguo zake alizoanika, hama wewe. Usimsubiri mpaka aje kukuomba, maana akifika hapo tayari amekasirika.

3. Jiko likae mita 3 au zaidi kutoka kwenye karavani, gari, mtungi wa gesi na hema la ubavuni (lile linaloshikizwa kwenye karavani mlangoni). Hema nyingi ni za poliesta, na poliesta huyeyuka kwenye nyuzi 260 hivi. Cheche ya mkaa inapita hapo mbali sana.

4. Ndoo ya maji, imejaa, kabla ya kiberiti.

5. Washa, subiri kama nusu saa mpaka mkaa uvae majivu ya kijivu, ndipo uweke nyama. Petroli usiiguse kabisa. Mafuta ya taa pia hapana, nyama itanuka.

6. Kuzima. Hapa ndipo nilipoboronga, kwa hiyo mnivumilie.

Tulimaliza kula saa tatu usiku, manyunyu yakaanza. Jiko lilikuwa jipya, sikutaka lishike kutu. Niliangalia mkaa: mweupe, hautoi moshi. Nikapitisha kiganja juu yake, vuguvugu tu. Nikaliingiza kwenye hema la ubavuni, nikafunga zipu, na mlango wa karavani nikauacha wazi tupate hewa. Saa saba mke wangu akaniamsha: kichwa kinampasuka, mtoto ametapika. Nilitaka kumwambia ni ile nyama. Nikajaribu kusimama, miguu haikunikubalia. Aliyetuokoa ni yeye, alitambaa mpaka kwenye zipu akaifungua, tukakaa nje mvuani mpaka msaada ulipofika na mitungi ya oksijeni.

Ile ni monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, na huishika damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi, kwa hiyo oksijeni inakosa pa kukaa. Mkaa unaofifia huitoa vizuri tu, hata usipoona dalili yoyote ya moto. Wahenga walisema panapofuka moshi pana moto. Hawakusema pasipofuka hapana.

Basi zima hivi. Tandaza mkaa, simama upande upepo unakotoka, mwagia maji kidogo kidogo kwa sababu mvuke unababua. Koroga kwa kijiti. Mwagia tena, koroga tena, mpaka mgongo wa mkono ukiusogeza karibu usisikie joto lolote. Kama jiko lako ni la udongo au la chuma cha kusubu, usilimwagie maji likiwa moto, litapasuka. Funika, ziba matundu ya hewa, uliache. Vyovyote vile, jiko LINALALA NJE. Likilowa litakauka.

Majivu yakae siku nzima, au mbili, kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko kabla hujayatupa. Kaa moja likifukiwa na majivu huweza kubaki hai mpaka kesho yake, na mapipa ya taka ya kambi mengi ni ya plastiki.

7. Kama wavu ni wa wote, usugue ungali na joto. Aliyekuja nyuma yako hataki kula mafuta yako ya jana.

MASWALI

kijiti: Haya majiko ya foili ya kutumia mara moja, naweza kuweka juu ya nyasi?

Jibu: Hapana. Liinue kwa matofali, au tumia stendi ambayo kambi nyingi huwa nazo. Ukiliweka chini litaacha mstatili mweusi kwenye nyasi msimu mzima, na kila mtu atajua nani alikuwa kiwanja kile.

mla_mbavu: Mvua ikinyesha nikachomea ndani ya hema, zipu nimeiacha wazi kidogo, si sawa?

Jibu: Hatua ya 6.

mla_mbavu: Nimeisoma. Ila mimi nafanya hivyo mwaka wa tano sasa, hakijatokea kitu.

Jibu: Mimi nilikuwa mwaka wa sita.

mla_mbavu: Mbona mkali hivyo mkuu, swali tu.

Jibu: Si ukali. Umeniuliza kama ni sawa, nimesema si sawa, unaniletea miaka. Mvua ikinyesha pika ndani kwa jiko la gesi la karavani, dirisha wazi, nyama isubiri kesho.

mama_wawili: Pole sana kwa yaliyowapata. Hamkuwa na king'ora ndani? Na mtu atajuaje kwamba si mafua tu?

Jibu: Ahsante dada, haya ndiyo maswali. Tulikuwa na king'ora cha moshi, na hakikulia kwa sababu kinanusa moshi, hakinusi monoksidi. Ni vifaa viwili tofauti, nunua vyote. Kuhusu mafua, angalia mambo matatu: hakuna homa, mnaugua wote kwa pamoja, na mkitoka nje mnaanza kupata nafuu. Ukiona hayo, toa watu nje kwanza, piga simu ya dharura, sababu mtaitafuta baadaye. Usirudi ndani kuchukua hata viatu.

fundi_gesi: Naongezea. Yale matundu ya sakafuni mwa karavani msiyazibe kwa mkeka eti baridi inaingia. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka, na njia yake ya kutoka ni hayo matundu. Ndiyo maana pia jiko la mkaa halitakiwi kukaa chini ya karavani, hata la baridi.

Jibu: Hilo sikuliweka, ahsante fundi. Na hii ya gesi kugoma asubuhi za baridi?

fundi_gesi: Una butani. Ikikaribia nyuzi 0 haigeuki mvuke tena. Propani inaendelea mpaka chini ya 40 hasi. Wa baridi atumie propani, na regulata iwe ya propani.

kijiti: Mbao za paleti je, kwa moto wa kuota? Zinapatikana bure.

Jibu: Tafuta mhuri. HT maana yake mbao zilitibiwa kwa joto, hizo sawa. MB zilipigwa dawa ya methili bromidi, usizichome. Zilizopakwa rangi au zisizo na mhuri ziache zilipo. Na mawe ya kuzungushia moto usiyatoe mtoni. Maji yaliyojificha ndani yakichemka jiwe hupasuka, vipande vikaruka usoni.

mama_wawili: Nimerudi. Nimekigeuza king'ora changu, nyuma kumeandikwa kibadilishwe mwaka juzi. Nilipobonyeza kitufe kililia vizuri tu!

Jibu: Kitufe kinapima betri na sauti, hakipimi kihisio, na kihisio ndicho kinachochakaa. Nunua kingine kabla ya safari. Hiki cha zamani usimpe mtu.