Ukienda kumhani rafiki wa upande wa pili

Kwanza uwe na deni. Sifanyi mzaha.

Mimi ni Mpokomo, mkulima wa mpunga na maembe karibu na Ngao, kwenye delta ya Mto Tana, Kenya. Rafiki yangu ni Muorma, mfugaji, aliyekuwa akiniletea maziwa Garsen siku za soko. Mapigano ya kabila zetu mbili yalipozuka 2012 nilikuwa na dumu lake la lita tano, na maziwa sijalipa. Agosti 22 Waorma zaidi ya hamsini waliuawa katika kijiji cha Riketa, wengi wanawake na watoto. Septemba ikawa zamu ya vijiji vyetu. Yeye alimzika dada yake, mimi nikamzika kaka yangu.

Ukisema unakwenda kupatanisha, wa kwenu watakuita msaliti na wa kwao watakuita mpelelezi. Sema unakwenda kulipa maziwa. Nani atakuzuia?

Lakini usikimbilie. Mimi nilikaa miezi saba. Kulikuwa na kafyu, na hata ilipoondolewa, watu wa boda hawakutaka kubeba abiria wa kabila lile kuwapeleka huku. Tuma salamu kwa mtu asiye wa huku wala kule. Wangu alikuwa mwenye duka Garsen. Maneno yawe machache: "Dumu lako lipo." Jibu lilirudi baada ya wiki mbili: "Aje mchana."

Basi nenda mchana, uonekane ukija na uonekane ukiondoka. Wasalimie wazee wao kabla hujaingia kwake. Usifuatane na kijana wa kiume. Hata awe mpole namna gani, watamwangalia mikono. Mimi nilikwenda na shangazi yangu, mwenye magoti mabovu na mdomo mzima.

Chombo hakirudishwi kitupu. Nilitia mchele wetu, na nyinyi mnajua mdomo wa dumu ulivyo mwembamba: jioni nzima na gazeti nililolikunja kama la njugu. Pesa nilifunga kwenye pindo la leso.

Ukikaa mkekani, toa pole ya msiba wake kabla ya kutaja wako. Mambo ya malka, yaani njia za mifugo kushuka mtoni, yaache nje. Wao wanataka njia ya kunywesha mifugo, sisi mashamba yetu yako pale pale ukingoni mwa Tana. 2001 damu ilimwagika kwa hayo hayo, na nyinyi wawili hamtayamaliza kwa kikombe cha chai. Mimi niliteleza. Nikasema, "Lakini ng'ombe wenu..." Akanyamaza mpaka chai ikapoa.

Aliyeniokoa ni shangazi. Alimuuliza, "Huyo dada yako, mwanangu, alikuwa mtu wa namna gani?" Uliza hivyo. Usiulize alikufaje. Rafiki yangu akatazama dumu, akasema dada yake ndiye aliyekuwa akiongeza maji kwenye maziwa, lawama zikimwangukia yeye. Nikamwambia sisi wateja tulijua siku zote. Tukacheka, kisha tukalia, kisha akaniuliza jina la kaka yangu.

Usiombe radhi kwa niaba ya kabila zima, hujatumwa. Wala usikae mpaka magharibi.

Nilipoaga nilifungua pindo nikampa pesa za lita tatu. Akazihesabu mara mbili. "Zilikuwa nne, dada," akasema.

Hiyo moja sijailipa mpaka leo, na yeye hajanidai.