Ninavyomfunda biharusi kuyajua matiti yake

Nilikuwa muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto mpaka nikastaafu. Siku hizi hapa Ngamiani, Tanga, wananijua zaidi kwa usomo: nasinga maharusi, nawafunda, nawafukiza udi. Ukimuuliza mwari wangu kisigino kipi kinampasuka, atakujibu hapohapo. Muulize titi lipi ni kubwa kuliko lenziwe, atacheka na kujifunika kanga. Basi haya ndiyo ninayomwambia, na mama yake akiwepo namtaka asikilize naye, maana kwa umri yeye ndiye aliye karibu zaidi na hatari ya saratani ya matiti.

Mkono wako na mafuta ya nazi

Chagua siku kwanza. Ukikaribia kuingia mwezini matiti hujaa, huuma na kuwa na mabonge. Ukijipapasa siku hizo utajitia hofu bure. Ngoja damu ikatike, siku mbili tatu baadaye yanakuwa laini. Aliyekoma hedhi achague tarehe moja ya mwezi. Mashoga zangu nimewaambia washike siku ya kutoa pesa ya upatu, kwani hiyo hawaisahau hata wakiugua.

Anza na kioo. Kanga kiunoni, dirisha la mwanga. Jitazame mikono ikiwa chini, kisha juu ya kichwa, kisha ishike kiuno na uibonyeze mpaka misuli ya kifua ikaze. Titi moja kuzidi jingine si ugonjwa, wala chuchu iliyolala ndani tangu usichana. Tafuta kipya: chuchu iliyokuwa nje sasa imevutwa ndani, ngozi iliyobonyea mahali pamoja, wekundu usioondoka, kidonda au magamba kwenye chuchu, au ngozi iliyovimba na kutoboka vitundu kama ganda la chungwa la Muheza. Ukishaliona ganda hilo kwenye titi, usingoje mwezi wa pili.

Halafu vidole. Biharusi nikimsinga, nikifika kifuani nampa singo, yaani manukato ya kusugulia mwili, akamalize mwenyewe, nami namwelekeza kwa mdomo. Wewe tumia mafuta ya nazi baada ya kuoga, au povu la sabuni ukiwa bafuni. Lala chali, mkono wa kushoto chini ya kichwa, na kwa mkono wa kulia papasa titi la kushoto. Vidole vitatu vya kati, tena si ncha wala kucha, ni pale panapopakwa wino ukiweka alama ya kidole. Zungusha duara dogo, kwanza kwa wepesi, kisha kwa nguvu kiasi, kisha ubonyeze mpaka uuhisi ubavu. Usinyanyue vidole, viteleze. Anzia kwapani, shuka mpaka chini ya titi, panda mpaka kwenye mtulinga, shuka tena, hivyohivyo mpaka ufike mfupa wa katikati ya kifua. Kwapa lenyewe usiliruke. Wengi wanaliruka kwa kutekenywa.

Utahisi vitu, na mara ya kwanza utatishika. Upande wa juu kuelekea kwapani kwa kawaida pana mabonge zaidi, na chini ya titi pana ukingo mgumu kidogo. Ndivyo tulivyoumbwa. Linganisha na titi la pili. Kilichopo pande zote mbili mahali palepale aghalabu ni chako tangu zamani. Chuchu usiikamue kamue. Ila ikitoa majimaji yenyewe, hasa ya damu, hilo ni la kwenda kusema.

Niseme ukweli wa kitaaluma, kwa sababu wapo watakaokuapia kwamba kujipapasa kila mwezi kwa kanuni ndiko kunakookoa. Kule Shanghai waliwafuatilia kwa miaka wanawake wapatao 266,000 wa viwanda vya nguo, nusu wakafundishwa kujipima na nusu hawakufundishwa. Matokeo yalitoka mwaka 2002: vifo havikutofautiana, ila waliofundishwa walipasuliwa zaidi kwa uvimbe usio na madhara. Kwa hiyo sikufundishi ibada. Ukiukosa mwezi mmoja, umeukosa tu. Ninachotaka uijue hali yako ya kawaida, ili siku ikibadilika uwe wa kwanza kujua. Au mumeo awe wa kwanza, maana mara nyingi ndiye anayekigusa kinundu mwanzo. Mwambie asinyamaze kwa kuona haya. Na yeye pia ana matiti: kati ya wagonjwa 200 wa saratani hii, mmoja au wawili ni wanaume.

Baiskeli, mnazi na kunyonyesha

Tanga Mungu katupa mji tambarare na wanawake wasioona tabu kupanda baiskeli na baibui lao. Kutoka Duga kwenda soko la Mgandini kwa baiskeli ni dawa, mradi usijikokote. Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 kwa wiki kwa uchache, yaani nusu saa siku tano, kwa mwendo wa kukufanya uweze kuongea lakini usiweze kuimba. Binti zetu sasa wanapanda bodaboda hata kwenda dukani kununua chumvi. Sina ugomvi na bodaboda, ila kiuno hakitumiki.

Unene una hesabu yake. Mwanamke akishakoma hedhi, ovari huacha kutengeneza homoni ya estrojeni, na kazi hiyo hubaki zaidi kwa mafuta ya mwilini. Mafuta yakizidi, homoni huzidi, na saratani nyingi za matiti hulishwa nayo. Ndiyo sababu namwambia mama wa biharusi, siyo biharusi, apunguze mahamri ya asubuhi. Mbaazi zenyewe ale. Soda aiache kwa wageni.

Pombe inaongeza hatari, iwe bia, mvinyo au mnazi, na inaongeza kadiri inavyonywewa. Kutoka mtini hakuufanyi mnazi usiwe pombe. Anayekunywa apunguze, akiweza aache.

Kunyonyesha ndipo penye faida wanayoisahau. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2002, uliojumlisha tafiti 47 kutoka nchi 30, ulikuta hatari inashuka kwa asilimia 4.3 kwa kila miezi 12 mwanamke anayonyonyesha, ukihesabu watoto wote pamoja. Miezi sita maziwa matupu, kisha uji na vinginevyo huku unaendelea mpaka miaka miwili. Titi likivimba na kuuma wakati huo, usimwondoe mtoto. Endelea kumnyonyesha titi hilohilo au ukamue, na ukipata homa nenda kituo cha afya. Wekundu usioisha baada ya kumaliza dawa, rudi. Usikubali kuambiwa "ni maziwa tu" kila mara.

Hata ukiyafanya yote haya, hakuna aliyekupa hati. Karibu nusu ya wanaougua hawana sababu yoyote inayojulikana zaidi ya kuwa wanawake waliovuka miaka 40. Nalisema kwa sababu nimesikia mgonjwa akisutwa msibani kwamba aliyataka kwa vyakula vyake. Adabu hiyo sijui ilitoka wapi.

Na uliza ukoo, pande zote mbili. Watu humtaja mama na mama mdogo, wakamsahau shangazi na bibi mzaa baba, kumbe vinasaba vya hatari hupita hata kwa baba. Kama ndugu wa karibu aliugua kabla ya miaka 50, mwambie daktari mapema.

Sidiria, noti na simu

Sidiria haileti saratani, hata yenye waya, hata ukilala nayo. Manukato ya kwapa nayo hayajathibitishwa kuleta. Simu kifuani hivyohivyo, ila itie kwenye pochi, jasho litaiua. Noti ndizo zinazonikera: zimepita mikono ya wauza samaki wote wa soko la Deep Sea, kisha unazilaza kwenye ngozi yenye jasho. Kwa joto letu hili, chini ya matiti makubwa ndipo fangasi wanapokaa. Oga, kausha kabisa kwa kitambaa, vaa sidiria ya pamba, ianike juani siyo nyuma ya mlango. Ikikuachia alama nyekundu begani kila jioni, haikukai sawa, badilisha.

Ukikuta kitu

Vinundu vingi si saratani, hasa kwa wasichana. Kinachoteleza chini ya kidole mara nyingi ni uvimbe wa kawaida. Lakini vidole vyako havitoi hukumu. Na usidanganyike na maumivu: saratani inapoanza mara nyingi haiumi, ndiyo maana watu huikalia. Kisichoondoka baada ya hedhi moja kupita, kipeleke. Kuchanjwa, kubandikwa majani, kuchuliwa, hayo yote hula miezi.

Anzia zahanati au kituo cha afya, upate rufaa ya hospitali ya Bombo. Daktari atakupapasa, kisha picha: msichana hufanyiwa altrasaundi, mtu mzima anaweza kuongezewa mamografia, yaani eksirei ya matiti. Kinachotoa jibu hasa ni kuchukua kinyama kwa sindano na kukipima. Utaambiwa mtaani kwamba sindano au kisu kikigusa, ugonjwa husambaa. Hapana. Unaosambaa ni ule ulioachwa. Ikithibitika, wengi wetu hupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kwa hiyo mweleze mapema ndugu utakayefikia kwake.

Ukiingia kwa daktari, mwambie umekikuta lini, kama hubadilika na hedhi, na nani kwenu aliugua. Uliza jina la kipimo na siku ya jibu, uandike. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi wote uishe ndani ya siku 60 tangu mgonjwa alipofika mara ya kwanza. Siku ya jibu ikipita kimya, panda baiskeli urudi ukaulize. Usikae kungoja kupigiwa simu.