Namna ya Kutambua Uvimbe Unaojirudia: Histamini au Bradikinini

Kabla hujameza kidonge kingine cha setirizini, dawa ya aleji, kwa ajili ya mdomo au mkono uliovimba, chunguza jambo moja: je, kuna mabaka yanayowasha, au ngozi imevimba tu, imevutika na inauma bila kuwasha? Jibu hilo ndilo litakalodokeza kama dawa uliyoishika itakusaidia. Katika mazungumzo ya kila siku tumezoea kuita hali zote mbili "aleji", ilhali kinachovujisha maji ndani ya mwili ni kemikali mbili tofauti, histamini na bradikinini, na dawa inayoizuia moja haiigusi nyingine.

Nilijifunza uzito wa swali hilo nikiwa nyuma ya kaunta ya duka la dawa, Temeke. Mama mmoja alikuja kwa mara ya tatu ndani ya miezi miwili akiwa na mwanawe wa miaka 14. Mara ya kwanza jicho lilikuwa limevimba, mara ya pili mkono baada ya siku nzima ya kufua, na sasa mdomo wa juu. "Dada, hizi dawa mnazonipa ni maji?" aliniuliza, na hakuwa anatania. Mikono ya kijana haikuwa na baka hata moja, wala hakuwa anajikuna. Nilipomuuliza habari za baba wa mtoto, alinijibu kwa sauti ya chini kwamba alifariki usiku mmoja kwa kukabwa koo, na ukoo ukaamini kwamba alilishwa kitu.

Tuanze na mabaka, kwa sababu ndiyo yanayowapata watu wengi zaidi. Chini ya ngozi, pembeni mwa mishipa midogo ya damu, zimo seli za masti, ambazo ndani yake zimejaa vifuko vya histamini. Juu ya ukuta wa seli hizo kuna vipokezi vilivyoshikilia kingamwili aina ya IgE. Mtu mwenye mzio wa kamba wa baharini anapowala, protini ya kamba huunganisha IgE mbili na vifuko hufunguka. Lakini urtikaria sugu, yaani mabaka yanayojirudia kwa zaidi ya wiki 6, mara nyingi hailetwi na kitu chochote cha nje. Mwili wenyewe hutengeneza kingamwili zinazoshambulia kile kipokezi au ile IgE, ama IgE inayozikamata protini za mwili wenyewe, kama zile za tezi ya thairoidi. Histamini ikishamwagika hukaa kwenye kipokezi kiitwacho H1, seli za ukuta wa mshipa hujikunja na kuachana, na maji ya damu hupenya hadi kwenye ngozi. Wakati huohuo neva husisimka, na ndiyo maana mabaka hayo huwasha sana.

Kwa hiyo nawaomba wazazi msianze kumnyima mtoto samaki, mayai na maziwa kwa miezi mingi kwa sababu tu ana mabaka ya kila siku. Chakula ni chanzo cha nadra sana cha urtikaria sugu, na mtoto anayenyimwa hivyo huishia kupungua uzito huku mabaka yakiendelea. Hata hivyo, kuna jambo moja la samaki linalopaswa kutengwa. Jodari au vibua waliokaa juani tangu watoke soko la samaki la Feri huzaa histamini ndani ya nyama yao, bakteria wanapoigeuza amino asidi iitwayo histidini, na kupika hakuiharibu. Mlaji huwiva uso na kuumwa kichwa muda mfupi baada ya kula. Hiyo ni sumu inayoweza kumpata yeyote aliyekula samaki yule, nayo huja siku ile ya mlo na kuondoka. Haihusiani na ugonjwa unaorudi kila wiki.

Ili kujua kama mabaka yako ni ya urtikaria, chukua kalamu ya wino, zungushia baka moja, kisha andika saa pembeni yake. Baka la urtikaria hufifia ndani ya saa 24 bila kuacha alama, hata kama mengine yanachomoza kwingine. Baka likikaa mahali palepale zaidi ya muda huo, likawa linauma na kuacha weusi kama wa kuvilia damu, mwone daktari wa ngozi, kwa kuwa huenda mishipa yenyewe imeshambuliwa na kipande kidogo cha ngozi kikahitajika kwa uchunguzi. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Simama karibu na dirisha, tazama ngozi kwa upande ili mwanga uonyeshe vivimbe, kisha vipapase kwa kiganja. Piga picha kwa simu papo hapo, maana ukifika kliniki huenda ngozi imeshatulia.

Dawa za kundi la setirizini na loratadini hukamata kipokezi cha H1 na kukiweka katika hali ya kulala. Haziwezi kurudisha maji yaliyokwisha kuvuja, na kwa sababu hiyo mgonjwa wa urtikaria sugu anapaswa kuzimeza kila siku, siyo kusubiri mabaka yatokee. Zisipotosha, daktari anaweza kuongeza dozi hadi mara 4 ya ile ya kawaida. Usijiongezee mwenyewe, wala usifanye hivyo kwa piritoni, ambayo huleta usingizi mzito na ni hatari kwa dereva wa bodaboda. Prednisoloni, yaani steroidi, ya kumeza mwezi baada ya mwezi naipinga kabisa, kwa kuwa hupandisha sukari na presha na kudhoofisha mifupa. Mgonjwa ambaye hata dozi hiyo ya juu haimsaidii ana sindano ya omalizumabu, ambayo huinasa IgE kabla haijafika kwenye seli za masti.

Sasa tugeukie uvimbe usio na mabaka, kama ule wa kijana wa Temeke. Ndani ya damu hutembea protini ndefu iitwayo kininojeni. Kimeng'enya kiitwacho kalikreini huikata na kutoa kipande kidogo cha amino asidi 9, nacho ndicho bradikinini. Kipande hicho hukaa kwenye kipokezi cha B2 na kuufungua ukuta wa mshipa bila kuhitaji histamini hata kidogo. Mlinzi wa kazi hiyo ni protini inayoitwa kizuizi cha C1. Namna anavyolinda ni muhimu kuielewa: ni kama kufuli ambayo ufunguo ukishaingia huvunjikia ndani, hivyo kila molekuli ya kizuizi hunasa kimeng'enya kimoja tu na vyote viwili huishia hapo. Mtu aliyerithi nakala moja mbovu ya jeni ya SERPING1, iliyoko kwenye kromosomu ya 11, tungetarajia abaki na nusu ya kizuizi, lakini kwa kuwa kidogo alichonacho kinatumika na kuisha, kiwango chake mara nyingi hushuka chini sana ya nusu. Kalikreini isiyonaswa huamsha faktari ya XII, protini nyingine ya damu, ambayo nayo huzalisha kalikreini zaidi, na mzunguko huo ndio unaofanya uvimbe ujengeke polepole kwa saa nyingi kisha ukae siku 2 hadi 5.

Ugonjwa huu huitwa anjioedema ya kurithi. Utumbo nao huvimba. Mgonjwa hutapika na kujikunja kwa maumivu, na wapo waliopasuliwa kwa kudhaniwa kuwa na kidole tumbo kilichokuwa kizima kabisa. Daktari William Osler alieleza ukoo wenye ugonjwa huu mwaka 1888, lakini ilipita miaka 75 kabla ya watafiti Donaldson na Evans kuonyesha, mwaka 1963, kwamba kilichokosekana ni kizuizi cha C1.

Chora ukoo wako kwenye karatasi. Kila mtoto wa mgonjwa, wa kike au wa kiume, ana uwezekano wa asilimia 50 wa kurithi. Uliza bila kuona haya kuhusu ndugu waliofariki kwa koo kuziba au waliokuwa wakisumbuliwa na tumbo miaka nenda rudi. Ukoo usipokuwa na historia hiyo, usiufute ugonjwa, kwa kuwa takriban mgonjwa 1 kati ya 4 ndiye wa kwanza kwao.

Kagua pia dawa za nyumbani. Kimeng'enya kinachovunja bradikinini ndicho kilekile kinachozuiwa na dawa za presha ambazo majina yake huishia na "prili", kama vile kaptoprili, enalaprili na lisinoprili. Zinaweza kuvimbisha ulimi hata baada ya miaka ya kuzitumia salama, na watu wenye asili ya Afrika hupatwa zaidi. Mdomo au ulimi ukivimba ukiwa unatumia dawa hizo, nenda hospitali, na usimeze dozi inayofuata mpaka daktari aseme. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huchochea ugonjwa wa kurithi pia.

Hospitalini, omba kwanza kipimo cha C4, protini mojawapo ya kinga iliyo ndani ya damu. Kizuizi kinapokosekana, C1, ambayo ni protini nyingine ya kinga, huikata C4 ovyo, hivyo C4 huwa chini hata siku ambazo mgonjwa hajavimba. Kisha omba kiwango cha kizuizi cha C1 pamoja na utendaji wake, vyote viwili, kwa sababu kuna aina ambayo protini ipo ya kutosha lakini haifanyi kazi. Sampuli ya utendaji huharibika kwa joto. Waulize maabara kama itagandishwa mapema, maana katika joto letu la Februari ikiachwa mezani inaweza kutoa jibu la uongo.

Tiba zinazolenga bradikinini ni kizuizi cha C1 cha sindano, ikatibanti inayoziba kipokezi cha B2, na lanadelumabu inayoikamata kalikreini ili kuzuia mashambulizi yajayo. Usitarajie kuzikuta duka la mtaani. Pale ambapo hazipo, madaktari hutumia plazma iliyogandishwa, kwa kuwa ina kizuizi hicho ndani yake.

Sauti ikianza kubadilika au mate yakawa magumu kumeza, ondoka saa hiyohiyo kwenda hospitali yenye wataalamu wa kuweka mpira wa kupumulia. Usisubiri pumzi ibane, kwani foleni ya Barabara ya Mandela haimjui mgonjwa. Ikiwa kuna mabaka, kifua kinabana na presha inashuka, adrenalini ya pajani ndiyo inayookoa, na daktari mwenye shaka aitoe bila kuchelewa.

Aliyethibitishwa kuwa na ugonjwa wa kurithi atembee na karatasi yenye maneno haya: "Nina anjioedema ya kurithi. Uvimbe wangu unatokana na bradikinini. Antihistamini, steroidi na adrenalini hazitarajiwi kunisaidia. Linda njia yangu ya hewa kwanza, kisha nipe kizuizi cha C1, ikatibanti au plazma." Kijana wa Temeke, ambaye C4 yake ilikutwa chini, anayo moja kwenye begi la shule, na mwalimu wa darasa lake anajua ilipo.